Lita Kumi za Yaya

Jumapili moja ya kiangazi, baada ya ibada, nilimimina lita ishirini za esanse, yaani petroli, katika gari la marehemu yaya, kaka yangu mkubwa, nikaingiza kijiti cha kupimia, na kijiti kikaonyesha lita thelathini.

Nilikichomoa, nikakifuta kwa kitambaa, nikangoja esanse itulie, nikakirudisha. Thelathini tena. Alama ya sita, iliyochongwa kwa kisu, ilikuwa imelowa. Ya saba ilikuwa kavu. Tangi lilikuwa tupu asubuhi ile. Nililikausha mwenyewe kwa mpira kwa sababu nilitaka kuosha uchafu wa chini. Na nilimimina kwa bidoni, dumu la lita tano, mara nne. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Hadi nne naweza kuhesabu.

Shemeji yangu, mjane wa kaka, alikuwa akianika ndagala kwenye turubai karibu na ukuta. Aliona uso wangu.

"Iko nini, mwalimu?"

"Kijiti kinaonyesha thelathini."

"Na uliweka ngapi?"

"Ishirini."

Aliacha samaki, akaja pekupeku hadi nyuma ya gari. Alikuwa bado amevaa kitambaa cheusi cha kilio, mwaka wa tatu. Aliitazama alama ya sita kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliye karibu na mgonjwa:

"Ni zile zake. Lita kumi. Amezirudisha."

Maneno yale yalinitia baridi katikati ya jua la Baraka. Katika mtaa wetu hakuna mtu mzima ambaye hakuzijua lita kumi hizo.

Gari lenyewe ni jipu la zamani lililobadilishwa vyuma vingi mno, hata sijui ni sehemu gani iliyobaki ya kiwandani. Tangi lake la kwanza lilioza kwa kutu. Fundi wetu, jirani wa nyumba ya tatu aliyekaa dawati moja na kaka tangu shule ya msingi, alichomelea jingine kwa bati nene. Lilikuwa refu kama meza ya kulia, bapa, kina chake shibiri moja na kidogo, la kubeba lita sitini. Mdomo wake ulikuwa upande wa nyuma, ukishuka wima. Kipimo cha dashibodi hakikuweza kuingia humo. Sindano ililala kwenye sifuri na haikuamka tena.

Ndipo nilipotengeneza kijiti. Nilikata mwanzi, nikaukausha, nikalipeleka gari katika uwanja wa shule ninakofundisha, ambao umetulia sawa kama maji kwenye sahani. Nilimimina lita tano tano, na kila mara nikachonga alama pale ulowevu ulipoishia. Kaka alikipenda kijiti kile kuliko kilivyostahili. Alikiweka nyuma ya kiti chake na kuwaonyesha abiria.

"Munaona hii? Mudogo yangu alinifanyia compteur ya mwanzi. Haiombi batri."

Alikuwa mtu wa kubana esanse. Aliacha kukanyaga mafuta mita mia kabla ya shimo, ili afike pale gari limejipunguza lenyewe. "Kila mara unakanyaga breki," aliniambia, "ni esanse uliyonunua, unaitupa." Aliandika kila safari katika daftari la shule: kilomita upande huu, lita upande ule. Baraka hadi Fizi katika kiangazi, kilomita sita kwa lita moja. Kwenda Misisi wakati wa matope hakuandika kilomita. Aliandika tu: lita thelathini na tano, na akapigia mstari.

Wiki aliyokufa ilikuwa ya mvua. Mitumbwi ya mafuta haikufika, na wauza esanse wa barabarani walikuwa wamezipindua chupa zao juu ya meza kuonyesha kwamba hakuna kitu. Kaka alikuwa na magunia ya ndagala ya kupeleka Misisi, kwa wachimba dhahabu, pamoja na mama mfanyabiashara mwenye magunia hayo. Asubuhi na mapema alikuwa ndani akinywa chai. Gari lilikuwa kwenye kiwanja cha nyumba, limekwisha kupakiwa.

"Mudogo!" aliita. "Ebu angalia kijiti!"

Niliingiza, nikachomoa. "Arobaini!"

"Uko sure?"

"Arobaini nzima, yaya!"

"Basi tunafika na tano inabaki. Huko tutapata ya kurudia."

Baada ya hapo fundi alikuja, akalala chini ya gari, akakaza boliti za springi. Alifanya kazi kama dakika ishirini. Alipotoka, akajipangusa matope, akamtania kaka kwamba gari limezeeka kuliko baba zao. Kaka akaondoka.

Gari lilizimika kwenye mlima, kabla ya kufika Misisi. Yule mama mfanyabiashara alitusimulia baadaye. Kaka aliingiza kijiti, akakitazama, akacheka kidogo kama mtu aliyeonewa, akasema: "Mama, mungojee hapa. Mi nakuja sasa hivi." Akachukua bidoni ya njano na kuanza kutembea. Mbele kuna kijito ambacho siku za kawaida hakifiki magotini. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani.

Bidoni ndiyo iliyoonekana kwanza, imenaswa katika matete, kifuniko kimefungwa, tupu. Yeye alionekana siku ya tatu.

Kwenye kilio, chini ya turubai, wazee wa ukoo waliuliza lile ambalo kila mtu alikuwa akijiuliza. Huyu mtu aliyejua esanse yake hadi kijiko, iliishaje njiani? Nilisimama. Nilisema nilipima mwenyewe, kwa macho yangu, zilikuwa arobaini. Njia nzima inakula thelathini na tano, na hadi kwenye mlima ule thelathini tu: kumi zilikuwa zimepotea.

"Na kisha wewe kupima," mjomba aliuliza, "ni nani aligusa hii motokari?"

"Fundi," nilisema.

Sikusema ameiba. Nilitaja kazi yake tu, na watu mia moja wakageuza vichwa. Yeye alikuwa ameketi mwisho wa benchi. Alisimama, akaitazama mikono yake, mbele na nyuma, akakaa. Watu waliuchukua ukimya ule kama jibu. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amehamia Lweba, anatengeneza mota za mitumbwi, na wanawake wa mtaa wetu walipokutana na mke wake sokoni walijifanya wanaangalia nyanya.

Kwetu, kilio kina mwisho wake. Watu hukusanyika tena, mjane huvuliwa nguo nyeusi, na wenye neno lililobaki hulitoa siku hiyo. Shemeji yangu alikataa. Kila wazee walipomletea tarehe, alijibu lile lile: "Mwizi ajitaje kwanza. Siwezi kula na kucheka na watu, na mumoja wao alikunywa maisha ya bwana yangu." Mwaka wa kwanza walimwelewa. Mwaka wa tatu walianza kusema anatafuta laana.

Mwaka huu aliamua kulitoa gari. Alitaka kupeleka ndagala zake mwenyewe hadi Fizi siku za soko, na aliniomba niliendeshe. Safari ya kwanza ilitutisha.

"Hii motokari inakunywa sawa vile iko na wageni ndani," alisema.

Nilikubali kulipima kwa utaratibu. Njia si ngumu, inataka uvumilivu tu. Unajaza tangi hadi shingoni, unaandika kilomita, unasafiri, unarudi mahali pale pale, unajaza tena hadi shingoni kwa chombo unachokijua. Ulichoongeza ndicho gari lilichokula. Chombo ndicho kinachodanganya wengi. Bidoni ya ishirini ikijazwa hadi mdomoni inabeba zaidi ya ishirini, na chupa ya barabarani mara nyingi haifiki lita. Mimi nilitumia bidoni moja ndogo ya mafuta ya kupikia, niliyoihakikisha kwa chupa ya dawa ya zahanati.

Gari lilikuwa likienda kilomita nne na nusu kwa lita, njia ile ile ambayo kaka aliandika sita. Nilianza kutafuta hiyo moja na nusu.

Nilijaza upepo kwenye matairi. Nilifungua gurudumu la nyuma la kushoto nikakuta breki inashika hata mguu ukiwa mbali. Nilikung'uta kichujio cha hewa, kikatoa vumbi jekundu la njia ya Misisi, vumbi la miaka mitatu. Kisha nikaanza kupunguza uzito. Nyuma ya viti mlikuwa na mnyororo wa kuvutia, jeki mbili, gunia la saruji lililokuwa jiwe, springi iliyovunjika, viatu vyake vya mvua. Shemeji alikaa kwenye ngazi akitazama nikitoa kimoja kimoja. Kila nilichokiweka chini kilimpunguza kaka. Nilipofika kwenye viatu, shemeji alisema, "Ile wacha," nikavirudisha. Kilomita tano na robo.

Kwenye kiti cha dereva palibaki shimo la umbo lake. Mimi ni mwembamba. Nikikaa, kulikuwa na nafasi pande zote mbili, na njia nzima nilijikuta nimesogea kidogo, kana kwamba namwachia mtu mahali.

Nikafika kwenye tangi. Ndiyo maana Jumapili ile nililikausha, nikaliosha, nikamimina lita ishirini, nikasoma thelathini.

Habari ilitoka kwenye kiwanja chetu kabla sijakunja mpira. Mwendesha pikipiki wa jirani aliegemea ukuta.

"Mwalimu! Kama yaya iko anatuma esanse, umuambie atume na ya mi pia. Hata chupa mbili!"

"Nenda huko," shemeji alimjibu, "we utatumiwa jiwe."

Mwendesha pikipiki alicheka peke yake. Shemeji aliingia ndani, akarudi na kiti, akakaa mkabala na gari kama anavyokaa mtu na mgeni. Alisema Jumatano angewaita akina mama wa maombi. Alisema pengine kaka anataka kumtaja mwizi. Nami, mwalimu wa hesabu, sikuweza kusema hapana. Nilikuwa nimemimina ishirini na nilikuwa nikiona thelathini. Kumi zilikuwa zimetoka wapi? Kwa miaka mitatu niliwaza lita kumi zilizopotea. Sasa zilikuwa zimerudi, zinanuka, zinalowesha mwanzi.

Niliketi kwenye jiwe la mlango na kulitazama gari kwa saa nzima. Lilikuwa limeegeshwa kama magari yote ya Baraka yanavyoegeshwa, pua ikielekea barabarani. Hakuna dereva wa kwetu anayeingia kiwanjani kwa pua. Tumekimbia vita mara nyingi mno. Baba zetu walijifunza kwamba siku ya kukimbia hakuna nafasi ya kugeuza, kwa hiyo mtu huingia kinyumenyume, na gari hulala likiwa tayari kutoka. Hata wasiowahi kukimbia wanafanya hivyo. Kaka alifanya hivyo kila siku ya maisha yake.

Na kiwanja chetu kinashuka kutoka barabarani kwenda ziwani.

Gari lilikuwa limeinua kichwa na kushusha mgongo, kama mbwa aliyekaa. Tangi refu, bapa, limelala kwa urefu wa gari. Mdomo wake uko nyuma. Niliona ndani ya bati kana kwamba ni kioo: esanse yote imekimbilia mgongoni, imejikusanya chini ya mdomo ule, na kijiti kinaingia pale pale kwenye kina kirefu.

Nilisimama. Shemeji aliuliza ninakwenda wapi. Nilisema shuleni.

Uwanja wa shule ulikuwa mtupu, isipokuwa mbuzi wawili. Niliegesha pale nilipochonga alama enzi za kaka, nikazima, nikangoja, nikaingiza kijiti. Alama ya nne. Ishirini, pungufu ya unene wa ukucha, ile esanse iliyonifikisha pale. Nilirudi nyumbani, nikaingia kinyumenyume. Alama ya sita. Nilirudi shuleni. Alama ya nne. Nilifanya safari ile mara tatu, na kila mara nilipopita, mwendesha pikipiki alinipigia honi.

Asubuhi ile ya mvua tangini hazikuwamo lita arobaini. Zilikuwamo thelathini, na njia inakula thelathini na tano. Hakuna aliyeiba. Mimi ndiye niliyeita "arobaini nzima". Nilikichonga kijiti mahali pa tambarare na kukisoma mahali pa mteremko. Siku nyingine zote alibeba esanse ya ziada, na kosa likajificha. Kaka hakuuliza zaidi, kwa sababu mudogo wake ni mwalimu.

Nilimwambia shemeji siku hiyo hiyo. Nilimwonyesha kwa bakuli la maji nililoliinamisha, na kijiti cha kibiriti. Alielewa haraka kuliko wanafunzi wangu. Hakulia. Alilichukua bakuli, akaliinamisha mwenyewe huku na huku, akatazama maji yakikimbia.

"Kama angeingiza motokari na kichwa?" aliuliza.

"Kijiti kingeonyesha ishirini. Asingeondoka."

"Yote hii juu ya kukimbia vita," alisema. "Na siku ile hakukuwa hata vita." Alimwaga maji. "We nenda Lweba, kwa fundi. Usinipe mi maneno ya mwenyewe."

Lweba si mbali. Nilimkuta fundi ufukweni, mota ya mtumbwi imefunguliwa mbele yake juu ya gunia. Alilisikia gari kabla ya kuniona. Nilipozima, hakunisalimia.

"Kabireta iko inatia esanse mingi," alisema. "Inanuka. Unapata kilomita ngapi?"

"Tano na robo."

"Ilikuwa sita."

Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilianza na kiwanja, nikaenda kwenye tangi, nikamaliza na shule. Nilisema: mimi ndiye. Alinisikiliza akiwa ameshika bisibisi, kisha akaiweka chini, kando ya mota.

"Haikuvuja?" aliuliza.

Sikuelewa.

"Soudure yangu, ile mushono ya tangi. Haikuvuja?"

"Hapana. Tangi halikuvuja hata tone."

Alikaa mchangani. Akaongea akitazama ziwa.

"Mi nilijua sikuiba. Lakini ile bati nilichomelea mimi. Nikasema, pengine kwa matope chasi ilijipinda, mushono ukafunguka kidogo, esanse ikaenda, na motokari ilipotulia mushono ukajifunga. Ndiyo maana sikujibu batu. Ningesema nini? Sikuiba, lakini nilimuua?" Alivuta pumzi. "Miaka mitatu, mwalimu. Kila motokari inasimama karibu yangu, mi nainama kwanza, naangalia chini kama iko inavuja. Bibi yangu anafikiri ni wazimu."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Ulinitaja mbele ya batu bote. Utanisafisha mbele ya batu bote." Kisha akaomba ufunguo, akafungua boneti, na akashughulika na kabureta hadi jua lilipopungua makali.

Kumaliza kilio kulifanyika kabla ya mvua. Watu walikuwa karibu wale wale, chini ya turubai, wakiwa wameongezeka mvi. Mjomba alipouliza kama kuna mwenye neno lililobaki, nilisimama na kijiti mkononi. Sikutoa hotuba. Niliwaomba wanaume sita waje nyuma ya gari, nikapima mbele yao: thelathini na tano. Kisha tukalisukuma hadi barabarani, palipo tambarare, nikapima tena. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeshika kijiti, akasoma kwa sauti, kidole kwenye alama:

"Makumi mbili na tano."

Shangazi mmoja, ambaye ulimi wake unaogopwa hadi Swima, alisema polepole: "Kumbe si mwizi, ni masomo." Hakuna aliyecheka, na sikutegemea wacheke. Niligeuka kumtafuta fundi. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na mke wake, hakuingia chini ya turubai. Shemeji yangu alivuka. Alikuwa bado na nguo nyeusi. Alisimama mbele ya mke wa fundi, wakatazamana, na shemeji akageuka mgongo ili yule mwanamke amfungulie fundo la kitambaa shingoni. Kazi ile hufanywa na mtu wa ukoo. Mke wa fundi alisita, mikono ikiwa hewani, kisha akalifungua.

Mimi nilibaki karibu na gari. Baadhi ya ndugu hawanisalimii kama zamani hadi leo, na sijawalalamikia. Wengine wananifariji: ni bahati mbaya, nani angejua. Mimi ningejua. Siku nilipochonga alama nilichagua uwanja wa shule kwa makusudi, kwa sababu nilijua tambarare ni muhimu. Katika daftari langu niliandika "mahali sawa". Sikumwambia kaka. Niliona ni jambo dogo la mwalimu.

Sasa gari linafika kilomita sita kwa lita kwenda Fizi, kama katika daftari lake, na siku nzuri linapita kidogo. Naacha kukanyaga mafuta mita mia kabla ya shimo. Bado tunaliegesha pua barabarani, hakuna aliyethubutu kupendekeza vingine, lakini kupima tunapima shuleni. Nyuma ya kiti cha dereva, karibu na viatu vya mvua, nimeweka bidoni ya njano yenye lita kumi. Haiguswi. Fundi, anapokuja kukagua, huigonga kwa kidole.

"Hii inakula, mwalimu. Unabeba kilo za bure kila safari. Ukiitoa, utapata hata mita chache zaidi."

Namjibu kwamba najua. Naijaza upya ikipungua kwa jua, nafunga kifuniko, nawasha gari.